Kikopo cha Kageha

Januari ya Mbale haina huruma.
Upepo unashuka kutoka kwenye majabali ya Maragoli
na vumbi jekundu na hamu ya kupasua,
nami, koneti ya tatu katika bendi ya Jeshi la Wokovu,
niliamka mdomo wa chini umechanika katikati
kama ganda la njugumawe juani.

Mpiga ngoma akiumia kidole hufunga kitambaa.
Mwimbaji akipwelewa na sauti hupanua kinywa tu,
wenzake wakamfunika.
Lakini koneti haidanganyiki.
Inataka nyama ya mdomo, laini, iliyo hai,
itetemeke ndani ya kile kikombe cha shaba
kama nzi kwenye utando.

Na Jumamosi tulikuwa tunamzika Mwalimu Amugune,
aliyenifundisha kupuliza, nikiwa na miaka tisa,
kwa kikonyo cha jani la boga.

Basi nikaenda kwa Kageha, nyuma ya kinu cha posho.
"Asilia," akasema. "Nta ya nyuki wa Kaimosi,
siagi ya shea iliyovuka Busia ndani ya debe,
mnanaa wa shambani kwangu. Kemikali, hakuna.
Hata mtoto akila, ameshiba."
Mia mbili na hamsini.
Lebo kaiandika kwa mkono, na ua kalichora
la petali tano, mbili rangi imetoka nje ya mstari.
Tulikaa dawati moja darasa la nne.
Sikuomba kupunguziwa.

Nikapaka asubuhi. Nikapaka mchana.
Yakakaa juu ya mdomo kama mgeni aliyekataa kiti,
punjepunje, magumu,
na harufu ya beberu aliyenyeshewa
kisha akatafuna peremende.
Mrenda wa jioni, ukiteleza kutoka kwenye tonge,
ulinipa nafuu kuliko yenyewe.

Ijumaa adhuhuri yakayeyuka mfukoni mwa sare,
doa likaenea chini ya vifungo vya shaba.
Sisimizi walinisindikiza mazoezini.
Usiku mwasho.
Alfajiri mdomo umevimba,
mume wangu akanitazama, akageukia ukuta,
mabega yakimtikisika.

Kaburini tulipanga mistari miwili kwenye mteremko.
Nikapuliza.
Noti ya kwanza ilitoka upepo mtupu.
Ya pili ikalia kama mlango wa choo,
mtoto mmoja kwenye mgomba akacheka, akapigwa kofi.
Ya tatu ilikuwa sawa. Ilikuwa na chumvi,
na nilipomeza nikajua ni damu.
Siku zote, nikikosea, Mwalimu aligonga meza kwa kalamu:
"Tena."
Nilisubiri.
Sanduku halikusema tena.

Baadaye, kwenye foleni ya mikono,
Kageha alinikuta nikinawa. Alikuwa na wapishi,
kanga imelowa moshi,
viganjani makovu mapya, mekundu, ya nta ya moto,
na midomo yake mwenyewe, jamani,
imepasuka kuliko yangu.
"Yale mafuta," akauliza taratibu, "yamekufaa?"

Na mdomo huu huu
ulioshindwa kumsindikiza mtu mmoja hadi mita mbili chini ya udongo
ukatamka bila kutetemeka:
"Ni mazuri sana, dada."

Akafurahi. Akanisukumia kingine mkononi,
cha bure, ua lake lina petali sita.

Sasa ninapaka mafuta ya mgando ya mtoto,
ya duka la kona, shilingi hamsini,
yasiyojua nyuki wala Busia.
Cha pili sijakifungua. Kiko kabatini, karibu na koneti.
Cha kwanza nilikimalizia kwenye bawaba za choo;
mlango ule umenyamaza kabisa.

Kageha amepiga simu jana.
Anauliza kama bendi nzima ingependa.
Nimesema nitawauliza.